Pampu ya grisi ya mkono sio dhaifu kama wengi wanavyodhani

Watu wengi wanaamini pampu ya zamani ya grisi, ile ya kusukuma wenzo kwa mkono, haina nguvu ya kufikisha grisi ndani kwenye magari ya kale, eti mpaka utumie ya upepo. Ni rahisi kuamini hivo, maana ukisukuma unaona grisi inavuja pembeni tu.

Ukweli ni kwamba pistoni ya ndani ni nyembamba sana na wenzo ni mrefu, kwahiyo nguvu kidogo ya mkono inakua presha ya maelfu ya psi (kipimo cha presha), wakati kompresa ya kawaida ya gereji inatoa kama 100 hadi 150 (ndio maana hata pampu ya upepo inabidi nayo iikuze hiyo presha kwa pistoni yake). Mara nyingi shida ni grisi ya zamani imekauka kwenye chuchu (kile kitundu cha chuma unachochomeka mdomo wa pampu), au mdomo wa pampu umelika.

Jaribu mwenyewe: futa chuchu, piga jeki uzito utoke kwenye kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele linageukia), sukuma taratibu huku unaangalia pembeni mwa jointi, grisi nyeusi ya zamani itatangulia kisha inafuata mpya. Ikifika mpya acha hapo, ukizidisha unaweza kupasua sili (mpira unaozuia grisi isitoke).

Na tafadhali soma kitabu cha gari kwanza, sio kila chuchu inataka grisi, Triumph Herald (gari la kale la Uingereza) kwa mfano zile trunioni za chini mbele, yaani jointi ambazo gurudumu linageukia, zinataka oili nzito ya gia, ukiweka grisi zinalika na zinaweza kukatika.