Bagamoyo kwa siku moja na gari la kukodi: anzeni Kaole, sio mjini

Watu wengi wanaonitafuta kwa safari ya Bagamoyo ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo swali lao la kwanza ni "kaka, tutaona sehemu ngapi?" na jibu langu huwa tatu, nne zikizidi, hapo ndo mtu anaanza kuguna maana kuna mtembezaji mwenzangu kashamwambia atamzungusha sehemu kumi kwa hela ile ile. Sehemu kumi zipo kweli, siwezi kubisha, Bagamoyo huwezi kutupa jiwe bila kugonga jengo la kihistoria, ila sehemu kumi kwa siku moja maana yake unashuka, unapiga picha, unapanda, unashuka, na jioni ukiulizwa na watoto ile nyumba nyeupe ilikuwa ya nani huna jibu. Kwa hiyo leo nieleze navyoipanga mimi hii safari na kwa nini, maana mpangilio wa vituo unabadilisha kabisa hadithi mtakayorudi nayo.

Kwanza gari lenyewe. Ukikodi gari na dereva hujakodi mtembeza wageni, hivi ni vitu viwili na watu wanachanganya sana. Dereva anajua barabara, anajua wapi pa kula, basi. Mtembeza wageni ni mtu mwenye leseni yake na anatakiwa akueleze unachokiangalia. Wapo wanaofanya vyote viwili na kwa familia ya watu wanne hao ndo wanafaa, nafasi ya kiti haipotei. Pale Kaole, yani kwenye magofu ya mji wa kale, na kwenye misheni ya Wakatoliki kuna pia waongozaji wa eneo na mimi huwa nawaachia nafasi, mtu aliyekua pale anajua vitu ambavyo mimi wa Dar navisoma tu. Sasa ukiambiwa bei, uliza maswali haya kabla hujatuma hela: mafuta yamo? Viingilio vimo? Mwongozaji wa eneo yumo? Chakula cha mchana, na cha dereva je? Wakikujibu "kila kitu kimo bosi" waambie wakuandikie kwenye meseji. Viingilio vinatofautiana, Mtanzania analipa kidogo na mgeni analipa zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, na ndugu zetu mnaokuja likizo na paspoti za nje jueni getini mnahesabiwa wageni hata kama Kiswahili chenu ni cha Kariakoo.

Kutoka Dar ni kilometa kama 70 hivi, lami mwanzo mwisho, na barabara ikiwa nyeupe saa moja na nusu inatosha. Ila barabara nyeupe unaipata saa kumi na mbili asubuhi, ukisema tuondoke saa tatu baada ya chai basi Mwenge mpaka Tegeta peke yake itakula muda ambao ungekuwa ushafika. Afu ukishapita Bunju unaona barabara imefunguka, mguu unataka kukanyaga, usikubali dereva akimbize, vile vijiji vyote ni hamsini na trafiki wanapiga tochi wakiwa wamejibanza chini ya mwembe. Mkiwa na watoto simamisheni gari Mapinga mnunue matunda, mkojo pia, maana Kaole hakuna duka.

Haya, Kaole. Magofu yapo kilometa kama 5 kusini mwa mji na watembezaji wengi wanayaweka mwisho, saa tisa mchana, watu washachoka. Mimi nayaweka mwanzo na sababu ya kwanza ni jua tu, pale ni peupe, mawe ya matumbawe yanatunza joto, saa sita huwezi kusimama dakika kumi kwenye kaburi moja. Sababu ya pili ndo kubwa. Mkianza mjini mnaanza na Mjerumani na minyororo, halafu Kaole inakuja kama kiambatisho, wakati ukweli ni kwamba msikiti wa zamani pale wataalamu wanauweka karne ya 13, yani miaka mia sita na zaidi kabla Mjerumani hajajua Bagamoyo iko wapi. Kulikuwa na watu, wana bandari, wana kisima, wana misikiti miwili, wanazika wakubwa wao kwa heshima. Mtoto wa Kitanzania akianza na hilo siku inakaa vizuri.

Kitu ninachowasimamisha watu muda mrefu Kaole ni kaburi la mnara. Wengi wanauangalia ule mnara wa jiwe juu, wanapiga picha, wanataka kuondoka, nawaambia subirini, sogeeni karibu, angalieni hapa usawa wa kichwa. Unaona vishimo vya duara, vimechimbika vizuri kama sehemu ya kukalishia bakuli, na ndo kazi yake haswa. Humo yaliwekwa mabakuli ya kauri kutoka China, kama urembo na kama heshima ya aliyelala pale. Mabakuli mengine yamevunjwa au kuibiwa, mengine yako makumbusho, kilichobaki ukutani ni alama tu kwenye chokaa, lakini weka kidole mle ndani halafu fikiria bakuli lilivyosafiri, China, bahari ya Hindi yote, likaishia kwenye kaburi la mtu wa Mrima, yani pwani yetu hii. Kwenye kimakumbusho kidogo cha pale pale kuna vipande vya vyombo kama hivyo vimewekwa kabatini, kwa hiyo mkitoka makaburini pitieni mle mkaone rangi yenyewe ya kijani.

Uchimbaji wa kitaalamu ulifanywa na Neville Chittick mwaka 1958. Watu wanauliza mji uliendaje, na jibu halina filamu ndani yake, mikoko na mchanga viliziba bandari taratibu, vyombo havifiki, biashara ikahamia pale Bagamoyo ya sasa. Ila jina halikufa haraka, 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipokuja kutafuta maziwa makuu walianzia hapo hapo Kaole. Mbuyu mkubwa wa pale mtaambiwa muuzunguke mpate kuongeza miaka, zungukeni tu, haina gharama. Ila kaburi la Sharifa ni kitu kingine, watu bado wanakuja kuomba dua na kuweka ubani, mkikuta mtu yuko pale mpeni nafasi, na kamera zishuke. Akina mama huwa nawaambia mapema wabebe mtandio, sio sheria ya getini, ni adabu tu.

Saa nne na nusu, tano, mnaingia misheni, na hapa napenda kufika jua likiwa limepanda maana ile njia ya kuingilia ina miembe pande zote mbili, ni kivuli mpaka ndani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hii mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na mwaka huo huo Padre Antoine Horner akapanda mbuyu. Ule mbuyu una kipande cha mnyororo kinachoingia ndani ya shina na sio wa watumwa kama wengi wanavyowahi kusema, wanahadithia kwamba mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa alikuwa anafunga punda wake pale, mnyororo ukasahauliwa, mti ukaumeza. Siku hizi kimebaki kipande kifupi tu nje, muelekeze mtoto akitafute mwenyewe, ataondoka na hiyo Bagamoyo yake.

Halafu mnara. Kanisa la kwanza lilijengwa 1872, limebaki mnara, na watu wanauita mnara wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, ingawa Livingstone mzima hakupita pale, uliopita ni mwili wake. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na watu wake Chuma na Susi pamoja na Jacob Wainwright na wenzao wakauzika moyo pale, wakaukausha mwili, wakaufunga kwenye magome na turubai, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalala hapo usiku mmoja, ukavushwa Zanzibar na mwezi Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Mazishini London aliyekuwepo kati ya hao watatu ni Wainwright tu, Chuma na Susi hawakuwepo. Hapo huwa natulia kidogo maana kila kundi lina mtu mmoja anayeuliza "sasa hao walilipwa nini?" na inazua mjadala mzuri kuliko mimi kuendelea kuongea. Makumbusho ya misheni yapo kwenye nyumba ya masista ya 1876, yana picha za zamani nzuri sana, tengeni saa nzima msikimbie.

Chakula kuleni mjini, samaki na wali wa nazi, agizeni kwa simu mkiwa misheni la sivyo mtakaa saa mbili mnaangalia jiko.

Baada ya hapo mji mkongwe kwa miguu, gari linawekwa kivulini, dereva anapumzika. Ngome Kongwe ilijengwa 1860 na Mwarabu tajiri, Abdallah Marhabi, baadaye ikawa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ikawa ya Mjerumani, ikawa jela wakati wa Mwingereza, yani kila mtawala kaikalia. Pale mtasikia hadithi ya handaki la chini kwa chini la kupitisha watumwa mpaka majini. Wenzangu wengi wanaisema kama hakika, mimi naisema kama hadithi inayosimuliwa na ninaishia hapo, maana mtu kasafiri kuja kujua na sio kuogopeshwa. Utumwa ulikuwepo Bagamoyo, haifichiki, na haukuisha siku ile Barghash aliposaini mkataba na Mwingereza mwaka 1873 wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Ila kilichoulisha mji kwa kiasi kikubwa zilikuwa pembe za ndovu, na wabebaji wake wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi wanaolipwa, wanashuka kutoka Tabora kwa maelfu, wanakaa miezi wanasubiri msafara wa kurudi, wanakula, wanagombana, wanaoa. Karavanserai, yani pale misafara ilipofikia na kupumzika, ndo mahali pa kuelezea hayo na watu wanapaharakisha kwa sababu kwa macho ni kajengo ka kawaida tu.

Mkipita pembeni ya iliyokuwa shule ya Sewa Haji waulizeni wenyeji wa Dar mlionao kama jina wanalijua, watakwambia lile jengo la Muhimbili, basi ni huyo huyo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyekuwa anawakopesha bidhaa na kuwaandalia misafara hawa wazungu, Stanley akiwemo, na hospitali yake Dar ndo imezaa Muhimbili.

Boma la Mjerumani ni la 1897, wakati huo makao makuu ya koloni yalishahamishiwa Dar tangu 1891, hii huwa inawashangaza, wanadhani boma ndo lilikuwa ikulu. Mvua za El Niño ziliangusha sehemu yake, likaja kukarabatiwa. Mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa uko karibu na bahari, ni wa watu waliopigana upande wa Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani, alipowaka na Wajerumani 1888, yeye mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Simameni hapo dakika chache halafu teremkeni soko la samaki.

Soko la samaki sio mnara wa kihistoria na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, jioni jioni majahazi na ngalawa zinarudi, mnadi anapiga bei kwa kasi ambayo mtu wa bara hafuati, akina mama wanakaanga changu na pweza hapo hapo. Ombeni kabla ya kupiga picha, na anayetaka kununua samaki wa kwenda nao Dar aniambie asubuhi nije na kasha la barafu, sio kunishtukiza, lile gari kesho lina wageni wengine.

Ondokeni saa kumi na moja. Jumamosi ni nzuri kuliko Jumapili, maana Jumapili misheni wana misa asubuhi na jioni watu wote waliokwenda fukweni wanarudi Dar kwa barabara hiyo hiyo moja. Na kwa wanaouliza kama hifadhi ya Saadani inaweza kuingia kwenye siku hiyo hiyo, hapana jamani, simba hawaonwi saa tisa mchana kwa kuchungulia, ile ipangeni ya kulala.