Tumbawe moja, dakika ishirini

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Naingia majini na kibao cha plastiki na penseli, naelea mahali pamoja, naandika ninachokiona. Mara nyingi wanaokuja likizo na barakoa zao na mirija ya kupumulia huuzunguka mwamba mzima kwa nusu saa, kisha huibuka wakinung'unika kwamba hapakuwa na kitu. Nami nipo palepale, kibao kimejaa.

Tofauti ni mwendo tu. Mtu akiingia majini, samaki wengi hujificha au husogea kando, ndiyo maana sisi wahesabuji hungoja dakika kadhaa kabla ya kuandika lolote. Ukitulia, wanarudi mmojammoja. Anayepiga mapezi ya kuogelea bila kupumzika huwa anawatimua walio mbele yake kila aendako.

Basi chagua tumbawe moja kubwa, uelee juu yake dakika 20. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, ndizo nzuri, kwa sababu bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, huvuta maji kwa nguvu na mara nyingi huyatibua. Anza kwa kuogelea kuukabili mkondo, ili ukichoka ukurudishe. Vaa shati la mikono mirefu, maana mgongo huungua bila wewe kuhisi.

Na usisimame juu ya matumbawe. Yale si mawe, ni wanyama wadogo maelfu waliojijengea nyumba ya chokaa, na aina zile za mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Kumbuka pia kwamba barakoa hudanganya: kitu kilicho umbali wa mita 4 utakiona kama kipo mita 3. Lakini yanayovunja matumbawe ni mapezi, nayo yapo nyuma usikoyaona.

Kabla ya macho, tumia masikio. Ule mkwaruzo unaousikia ni pono. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, naye hukwangua mwani pamoja na chokaa ya mwamba, akaisaga kooni na kuitoa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Mfuate kwa macho, utaliona lile wingu dogo likishuka. (Ndiye huyu wa usingizi wa pono. Baadhi ya jamii zake hulala usiku ndani ya mfuko wa ute wanaojitengenezea wenyewe. Waliotunga msemo ule walimjua samaki wao.)

Akija kasa, mpishe. Anapumua kwa mapafu kama wewe, na ukielea juu yake unamzibia njia ya kwenda kupumua. Kaa ubavuni kwake, mikono yako ikiwa imetulia, na huenda akaendelea kula kana kwamba haupo. Samaki mdogo akiivamia barakoa yako kwa hasira, usicheke sana: yumkini analinda kishamba chake cha mwani, na umekikanyaga kwa kivuli.

Ninachokipenda zaidi huja mwishoni mwa zile dakika 20. Tafuta samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, anayechezacheza mahali pamoja. Hapo ni kwake, na wateja humfuata. Chewa, ambaye angeweza kummeza mara moja, husimama mbele yake, akafungua mdomo na mashavu, na yule mdogo akaingia kumtoa wadudu hadi kwenye meno. Wengine hungoja zamu yao pembeni.

Ila fundi huyu si mwaminifu kabisa. Ute wa ngozi ya mteja ni mtamu kwake kuliko wadudu, na mara mojamoja humng'ata. Hutauona mdomo wake ukifanya hivyo, utamwona mteja akishtuka mwili mzima. Mimi kila mshtuko nauwekea alama pembeni ya kibao, ingawa hakuna aliyenituma kuihesabu.