Bustani ya marehemu haianzi na panga

Nilipoitwa kuitazama bustani hii nyuma ya mji wa Lamu, vijana wa mtaa walikuwa wameshanoa mapanga. Nikawaomba wayaweke chini. Miti ya humu ilipandwa kwa nia ya sadaka: mtu akifiwa hupanda mti, ndege na wapita njia wakila, thawabu zimfikie maiti wake. Kibao hakuna hata kimoja. Majina yamo vichwani mwa wazee, na wazee wenyewe wanapungua.

Kwa hiyo siku mbili za mwanzo hatukukata kitu. Tulimkalisha bibi mmoja wa mtaani kwenye kiti cha plastiki, kijana akashika vitambaa vya kufunga mitini, na yeye akawa anaonyesha: mkomamanga ule wa mume wake, mtende ule wa nahodha aliyezama.

"Na kichaka hicho, bibi?"

"Kichaka gani? Hiyo ni asmini ya mamangu, mwanangu."

Mimi, na miaka yangu zaidi ya 20 katika kazi hii, nilikuwa nimekwisha kuiandika ya kung'olewa. Nikapiga magoti, nikakwaruza gome kwa ukucha karibu na shina. Juu kavu kama kuni, chini yake ukijani mbichi. Nikaufuta mstari ule daftarini, na sikumwambia.

Ugonjwa wa bustani hii ulikuwa chumvi. Kingo za majani zimeungua, udongo umefanya ukoko mweupe. Kisima cha humo maji yake ni ya chumvi, na kwa muda mrefu kuna mtu, Mungu amlipe kwa nia yake, alikuwa akimwagilia kidogo kidogo kila jioni. Huko ndiko kuua kwa mapenzi. Maji machache hayafiki mbali. Jua likiyanyonya, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi. Udongo wetu wa mchanga una heri moja: ukiumwagia maji mengi kwa mkupuo, chumvi inateremka nayo. Basi tukaanza kumwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, na kazi kubwa ya kusafisha tukaiachia masika. Mtende na mkomamanga huvumilia. Asmini haina ubavu huo, kwa hiyo tulikarabati birika la zamani la kuhifadhia maji, lililokuwa limejaa takataka, na maji yake ya mvua ni ya asmini peke yake.

Ukuta ulinichosha kuliko miti. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, watu wanatunza milango na nyumba, ukuta wa bustani haumhusu mtu. Huu ni wa matumbawe na chokaa, lakini fundi fulani aliwahi kuufunika kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipumui: unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, chumvi inaganda ndani, jiwe linageuka unga. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia debe tupu. Tuliibandua yote, tukapiga lipu ya chokaa na mchanga wa nchi kavu, si wa pwani. Na chokaa haikauki kama nguo kambani. Inashika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ili ishike inataka unyevu. Kaskazi ikivuma bila kutundika magunia mabichi, lipu inapasuka siku hiyo hiyo.

Juu ya ukuta ulikuwa umeota mwarobaini, mizizi imezama kati ya mawe. Nikamwuliza bibi. "Huo umejipanda wenyewe," akasema. Ndio mti pekee tulioukata.

Mbolea si shida Lamu, punda wapo. Samadi yao tunailundika mpaka ipoe, maana ikiwa mbichi inaunguza miche na kuleta magugu. Shida ni punda wenyewe. Usiku mmoja aliingia mmoja, akala miche minne ya mkomamanga, na asubuhi nikakuta samadi yake kando ya mashimo, kama amelipa.

Asmini imetoa vichipukizi vitatu. Bibi anapita kila alasiri kuvihesabu, halafu ananiuliza kama nimeshanunua komeo la mlango. Bado.