Fidla yako ina thamani gani? Lebo iache kwanza

Hapa Iringa, wanaoniuliza bei ya fidla wengi hunitumia picha moja tu: lebo ya ndani, imepigwa kupitia tundu la kifuani. Imeandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis, na mwenyewe, awe Tukuyu au Makambako, ameshaanza kupiga hesabu ya kiwanja. Ni kweli fidla ya Stradivari, yule fundi wa Italia mwenye jina hilo, iitwayo Lady Blunt, ya mwaka 1721, iliuzwa kwa dola milioni 15.9 mwaka 2011. Ila mzee huyo alifariki mwaka 1737, na baadaye sana viwanda vya Ujerumani, Bohemia na Ufaransa vikabandika jina lake kwenye fidla za bei nafuu, maelfu kwa maelfu. Kwao ilimaanisha tu kwamba umbo limeigwa kwake.

Neno dogo la chini ndilo lenye msaada. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo fidla yenye neno Germany kwa kawaida ni ya kuanzia hapo. Ikiwa na Czechoslovakia, nchi hiyo haikuwepo kabla ya 1918. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, basi ile habari ya "iliachwa na mmisionari wa kwanza" nayo unaweza kuipima mwenyewe.

Mimi naanza na ukingo. Fidla iliyotengenezwa kwa uangalifu ina mstari unaozunguka kifua na mgongo, nao ni vipande vitatu vyembamba vya mti, cheusi, cheupe, cheusi, vilivyochomekwa kwenye mfereji ili ufa wa ukingoni usiingie ndani. Kwenye ya bei rahisi mstari umechorwa tu. Tafuta mahali vanishi ilipokwanguka, utaona nao umepotea. Kisha natazama ubao wa vidole. Pale vidole vilipokanyaga miaka mingi, mti mweusi wa kweli hubaki mweusi. Uliopakwa rangi hutoa weupe.

Nyufa ndizo zinazonichukua muda. Huku nyanda za juu, kiangazi kikikolea, hewa inakauka na mbao zinasinyaa. Mtu akiona mwanya kati ya kifua na ubavu anadhani fidla imekufa. Haijafa. Pale hubandikwa kwa gundi ya ngozi, makusudi, ili iachie kabla mbao hazijapasuka. Kuirudisha ni kazi ndogo na bei haiguswi. Bei inaguswa pale fundi samani anapotangulia na gundi nyeupe au supaglu, maana atakayefungua tena atang'oa na mbao. Ufa ninaouogopa mimi ni wa mgongoni, pale kinaposimama kile kijiti cha ndani kinachounganisha kifua na mgongo. Kwenye fidla ya maana ufa huo unaweza kula nusu ya thamani, hata ukizibwa kwa ustadi. Kwenye fidla ya kiwandani, gharama ya kuuziba inaizidi fidla yenyewe.

Nikimaliza ndipo nauliza: unataka bei ya kazi gani? Ya bima ni gharama ya kununua nyingine kama hiyo dukani, na ya mnada kwa kawaida iko chini yake. Ya kumuuzia mwalimu wa kwaya Mafinga ni hesabu nyingine kabisa. Hiyo ina dari, nayo ni bei ya fidla mpya ya mwanafunzi kutoka China, pamoja na sanduku, upinde na nauli ya kuitoa Dar. Toa nyuzi mpya, toa daraja la kubebea nyuzi, toa ufundi. Kinachobaki mara nyingi ni kidogo, na huwa sikizungushi, hata kama fidla ni ya marehemu babu.

Halafu lete na upinde. Watu huuacha nyumbani kwa kuwa singa, zile nywele za farasi, zimekatika, kumbe singa ni za kubadilishwa tu. Mali iko kwenye fimbo. Zile bora ni za mti wa pernambuco wa Brazili, na nyingine zina mhuri wa jina la fundi karibu na mahali pa kushikia. Mihuri nayo huigwa. Hata hivyo fimbo nzuri inaweza kuwa na bei kuliko fidla iliyolala nayo sanduku moja. Ikivunjika kichwani, hata ukiiunga vizuri namna gani, sehemu kubwa ya bei imekwenda. Kwa hiyo usiufungie upinde ukiwa umekazwa; legeza singa kila ukimaliza kupiga.