Sufuria ya presha: yanayosemwa jikoni na yaliyo kweli, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

"Maharagwe ya siku hizi hayaivi."

Mtu hununua gorogoro ya maharagwe sokoni Nakuru, akayabandika saa nane mchana, na ikifika saa kumi na moja bado yanagonga meno. Lawama zote humwendea aliyemuuzia. Pengine ni haki yake, kwa sababu maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kweli, na kando ya ziwa kule Kisumu vyote viwili vipo kwa wingi. Ila Nakuru mkosaji mkubwa ni mahali penyewe. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, kwa hiyo maji huanza kuchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi, wakati Mombasa hungoja hadi 100. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, huchemsha maji kwa karibu nyuzi 96. Panda hadi Molo, karibu mita 2,500, uone: ni kama 92.

Hapo kuongeza makaa hakusaidii kitu. Maji yatatokota kwa fujo na kukauka haraka, lakini joto lake halitapanda hata nyuzi moja. Bi harusi aliyezoea kupika nyoyo (mchanganyiko wa mahindi na maharagwe) kwao Kisumu, kisha akaolewa Molo, hana kosa lolote mavyaa akilalamika kwamba mahindi hayajaiva. Mlima ndio umemchongea.

Sufuria ya presha inalijibu tatizo hili hasa. Mfuniko ukifungwa, mvuke hukosa pa kwenda, unayakandamiza maji, na kiwango cha kuchemka kinapanda. Nyingi za zile zinazobandikwa kwenye gesi huongeza ndani presha inayolingana na ile ya hewa ya pwani. Pwani joto lingefika nyuzi 121 hivi. Nakuru, kwa kuwa hewa yenyewe ilikuwa nyepesi tangu mwanzo, litafika karibu 117. Si mbaya hata kidogo, ukikumbuka kwamba sufuria ya kawaida ilikwama 94.

Kwa saa, hesabu ni hivi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa robo saa hadi nusu saa baada ya presha kujaa. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, yule ambaye Waluhya wanamwita ingokho na ambaye hufanya wageni wangoje hadi usiku, huchukua nusu saa na ushei. Matumbo nayo huko huko. Githeri ya mahindi makavu itataka karibu saa nzima, na hiyo bado ni nafuu kubwa. Kijitabu kinachokuja na sufuria kwa kawaida kimeandikiwa watu wa nyanda za chini, kwa hiyo ongeza muda: kanuni inayotumiwa na wengi ni asilimia 5 kwa kila mita 300 ukishapita mita 600. Kwa Nakuru ni kama asilimia 20. Dakika 20 za kijitabu ziwe 24.

"Hilo ni bomu, silitaki nyumbani kwangu."

Woga huu una asili yake. Mfaransa Denis Papin alipoonyesha chombo chake cha kulainisha mifupa huko London mwaka 1679, mvuke uliofungiwa ulikuwa jambo la hatari kweli, naye mwenyewe ndiye aliyekuja kuongeza vali ya kuutoa mvuke ukizidi. Sufuria za leo zina zaidi ya kinga moja: kizito kinachokaa juu ya kitundu cha mvuke, vali ya usalama pembeni, na nyingi zina kifungio kisichokubali mfuniko uzunguke wakati presha bado iko ndani.

Zinazoleta ajali mara nyingi ni zile zilizochezewa. Raba ya mfuniko imepasuka, mtu akaitumia hivyo hivyo. Vali ya usalama imeyeyuka, fundi akaiziba kwa bolti ili "isivuje" (huyo fundi, kwa maoni yangu, anafaa kufuatwa hadi kwake na kurudishiwa sufuria). Au sufuria imejazwa maharagwe hadi ukingoni, povu na maganda yakapanda na kuziba kitundu. Maharagwe, ndengu, mchele na chochote kinachotoa povu visizidi nusu ya sufuria. Nyama na supu, theluthi mbili. Kijiko cha mafuta juu ya maharagwe hupunguza povu. Kabla ya kufunga, inua mfuniko kwenye mwanga uchungulie kitundu; usipoona mwanga upande wa pili, safisha kwanza. Maji nayo yasikose, angalau kikombe kimoja, maana mvuke hautoki hewani.

Kosa kubwa kuliko yote ni haraka ya kufungua. Mfuniko ukigoma, mtu anaingiza mwiko kwenye kishikio na kuulazimisha ufunguke. Mfuniko unaogoma unakwambia presha bado ipo. Zima moto, ungoje ishuke yenyewe. Wapo wanaoipeleka sufuria chini ya bomba la maji baridi, na kwa sufuria ya gesi hilo linaruhusiwa kama kijitabu kinasema hivyo, ingawa maharagwe hupasuka maganda. Kwa sufuria ya umeme, usithubutu.

Na je, juu ya jiko la makaa? Inawezekana kwa sufuria ya gesi, lakini makaa hayana kitufe cha kupunguza. Presha ikijaa itabidi uondoe makaa mengine kwa koleo, na vishikio vya plastiki viwe mbali na moto. Kwa anayeanza, singemshauri.

"Filimbi ikilia zaidi ndiyo chakula kinaiva zaidi."

Hapana. Presha ikishafika kiwango chake, kila kinachotoka kwa kelele ni mvuke wa ziada, yaani gesi uliyoinunua inapaa kwenda darini. Chakula ndani kina joto lile lile, kelele iwepo au isiwepo. Mara filimbi ya kwanza inapolia, teremsha moto hadi ubaki mdogo kabisa, kizito kikitikisika polepole. Hapa ndipo mtungi wa kilo 6 unapodumu au kuisha kabla ya mwisho wa mwezi. Wanaohesabu kwa filimbi ("nyama ni filimbi saba") waendelee kama wameshaijua sufuria yao, ila hesabu hiyo haihami kutoka sufuria moja hadi nyingine. Dakika ndizo za kuaminika.

"Joto lile lote linaua virutubisho."

Dhana hii ina mantiki, lakini inasahau mambo mawili. Vitamini nyingi zinazoharibika kwa joto huharibika pia kwa muda, na zile zinazoyeyuka humwagwa pamoja na maji. Sufuria ya presha hupika kwa muda mfupi na kwa maji machache, kwa hiyo kwa vyakula vigumu haina hasara kubwa kuliko kuchemsha saa tatu, na mara nyingi ina nafuu.

Jambo la pili husahaulika zaidi, nalo ni magadi. Nyumba nyingi hutia magadi ili maharagwe na mahindi yalainike, na huko Magharibi kuna musherekha, ile chumvi ya majivu ya mimea. Maji ya magadi yanalainisha kweli, lakini pia huiharibu vitamini B1, mojawapo ya faida za kula maharagwe. Kwenye presha hakuna haja nayo. Anayeipenda musherekha kwa ladha yake kwenye mboga kama likhubi au mrenda, hiyo ni shauri lake na mimi simo.

Kuloweka, kwa upande mwingine, usikuache. Wengine hudhani presha imeondoa haja ya kuloweka. Maharagwe makavu yataiva bila kulowekwa, lakini muda huongezeka karibu mara mbili, na yale maji ya kuloweka ukiyamwaga hutoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi.

"Ya umeme itamaliza tokeni."

Soma kibandiko chini ya sufuria. Nyingi huandikwa wati 1,000 hivi. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti 1. Sufuria ya umeme haiwaki saa nzima: huvuta moto mwanzoni hadi presha ijae, kisha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo, kwa sababu imefunikwa vizuri na joto halitoki kirahisi. Chungu cha maharagwe hakifiki uniti moja. Linganisha na makaa unayochoma kwa saa tatu, ambayo bei yake ilipanda baada ya serikali kupiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018 na haikurudi ilikokuwa.

Kuna wanaoogopa stima kupotea katikati, na kwa mvua za Kakamega woga huo haushangazi. Ikipotea, usifungue. Presha iliyokwisha kujaa hubaki muda mrefu ndani, na chakula huendelea kuiva. Stima ikirudi upesi, utaongeza dakika chache tu.

"Nyama ya presha haina ladha."

Haina ladha kama imetupwa ndani mbichi na maji tele. Kaanga kwanza vitunguu na nyama hadi vigeuke rangi, mfuniko ukiwa wazi, kisha tia maji kidogo ufunge. Dania na nyanya za kumalizia zije mwisho.

Vipo vyakula ambavyo havina kazi nayo. Ugali, chapati, omena wa kukaanga, sukuma wiki: acha kwenye sufuria zake. Samaki mbichi wa ziwa naye atasambaratika.

Ukienda kununua, iwe dukani au kwenye vitu vya mtumba katika soko la Kibuye, Kisumu, muulize muuzaji kama raba na vali za aina hiyo zinapatikana mjini. Raba hukauka na kulegea, ni lazima ibadilishwe kila baada ya muda. Sufuria nzuri isiyo na raba ya kubadilisha itakuwa sufuria ya kawaida yenye mfuniko mzito, na kwa bei ile ungepata sufuria tatu.