Flagyl si dawa ya kila tumbo

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia nzima inakumbushwa juu ya vijidudu vinavyozoea dawa. Hapa Lubumbashi maswali tunayoulizwa sisi wahudumu wa afya yanarudi palepale: dawa ya metronidazoli, ambayo kuanzia mtaa wa Katuba hadi ule wa Ruashi inaitwa Flagyl hata pakiti ikiwa na jina lingine.

Inaua vimelea vya tumboni vya ameba na giardia, trikomonasi inayoambukizwa kwa ngono (mume na mke watibiwe pamoja) na bakteria wasiohitaji oksijeni, kama wale wa jipu la fizi. Dawa inaingia ndani ya kijidudu ikiwa bado pole. Hali ya kukosa oksijeni humo ndiyo inayoigeuza kuwa sumu ya kukata DNA. Malaria, tifoidi, mafua na kipindupindu havimo. Kipindupindu kinaanza kutibiwa kwa maji: pakiti moja ya SRO (chumvi ya kurudisha maji mwilini), lita moja kamili ya maji safi.

Halafu kuna wale wanaosema wana "ameba za miaka kumi". Karatasi ya labo kuandika sisti za ameba (ameba zilizojifunga ndani ya ganda) haitoshi kuita ugonjwa. Ameba iitwayo Entamoeba dispar haimdhuru mtu, na chini ya hadubini inafanana kabisa na Entamoeba histolytica, ile inayowaletea watu ugonjwa. Tunachotafuta ni ameba inayotembea, ambayo imemeza chembe nyekundu za damu. Ili ikutwe ikitembea, choo kifike labo ndani ya dakika 30, katika kopo safi na kavu, bila kuchanganyika na mkojo. Choo cha jana kilichofungwa katika sashe ya plastiki hakitusaidii, hata ukitukasirikia. Tena kuhara damu mara nyingi ni bakteria ya shigela, ambayo Flagyl haiigusi.

Ameba ya utumbo ikithibitishwa, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku 5. Kwa vidonge vya 250 hivyo ni 30. Aliyenunua plaketi (karatasi ngumu ya vidonge) moja ya kumi amenunua theluthi ya matibabu. Kwa watoto, hatari iko kwenye sirapu: kuna chupa ya miligramu 125 katika mililita 5, na kuna ya 200. Mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa miligramu 150 anapata mililita 6 za ile ya kwanza, lakini hazifiki 4 za ile ya pili. Mama akitoka chupa ya kwanza kwenda ya pili bila kubadili kipimo, anamzidishia mtoto zaidi ya nusu.

Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na mkojo wa kahawia vinaisha dawa ikiisha. Meza baada ya bukari (ugali). Lakini miguu ikifa ganzi au kuchomachoma, ukiyumba au ukipata degedege, acha dawa na urudi kwa muganga siku hiyohiyo. Ganzi inawapata zaidi wanaoimeza muda mrefu. Mjamzito asijiandikie, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aseme kabla, maana damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Pombe, hapana, mpaka siku 3 baada ya kidonge cha mwisho: uso unaweza kuwaka, moyo ukaenda mbio, ukatapika. Lutuku ni pombe. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliolala siku kadhaa nao ni pombe, hata mkituuliza tena na tena.

Ukinunua, omba plaketi nzima. Muuzaji akiikata kwa mkasi, tarehe ya kuisha na namba ya loti vinaenda na mteja mwingine. Duka lisilo na kibali linaweza kufungwa kwa mihuri na dawa zake kuchukuliwa, bila kujali mwenyewe ni jirani mwema namna gani. Na dawa ikikudhuru, nenda kituo cha afya na ordonansi (karatasi ya muganga ya kuandikia dawa), tarehe uliyoanza kumeza, majina ya dawa nyingine unazotumia, na pakiti yenyewe, hata kama imebaki tupu.