Je, wajua ni kwa nini daktari wa macho humuuliza mgonjwa wa kisukari habari za presha na figo?

Shangazi yangu anauza viazi soko la Mwanjelwa, Mbeya. Asubuhi moja alikuwa akipunga mkono usoni kama anayefukuza nzi, na nzi hayupo. Nyuzi nyeusi zilikuwa zikielea ndani ya jicho lake la kulia, zikimfuata kila anakotazama. Anaishi na kisukari miaka mingi, kwa hiyo alijua sukari hudhuru macho. Alichorudi nacho kutoka kliniki ni swali: "Mwanangu, nimepeleka jicho, mbona naulizwa presha na figo?"

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, retina. Utando huo hutumia oksijeni nyingi mno, nayo huletwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea na kuvuja, na mingine huziba kabisa.

Aliyewahi kufika mashamba ya mpunga ya Mbarali ataelewa kinachofuata. Mfereji ukiziba, mwenye jaruba lililokauka hasubiri, anachimba kijimfereji cha haraka chenye kingo za udongo tifutifu. Maji yakija kwa nguvu, kingo zinabomoka. Retina yenye njaa ya oksijeni hufanya vivyo hivyo: hutoa kemikali iitwayo VEGF, inayoamuru mishipa mipya iote. Mishipa hiyo ni dhaifu. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na zile nyuzi za shangazi ndiyo hiyo damu.

Mbali na njaa hiyo ya oksijeni, VEGF huchochewa pia na homoni, yaani kemikali zinazosafiri na damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Hutoa homoni ya ukuaji, nayo huliagiza ini litengeneze kemikali ya IGF-1, ambayo huipa nguvu VEGF. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Poulsen, alieleza habari za mwanamke mwenye kisukari ambaye pituitari yake ilikufa baada ya kujifungua. Ajabu ni kwamba macho yake yaliyokuwa yameharibika yakaanza kupata nafuu. Madaktari wakaanza kuwaondolea wagonjwa tezi hiyo kwa upasuaji. Naona uchungu nikiwafikiria wagonjwa hao, maana pituitari ndiyo msimamizi wa tezi nyingine nyingi. Waliookoa macho walibaki kumeza homoni maisha yao yote. Tiba ya leza, yaani mwanga mkali unaopigwa kwenye retina, ilipoenea miaka ya 1970, upasuaji huo ukaachwa. Siku hizi zipo pia sindano za kuizuia VEGF ndani ya jicho.

Figo nazo hutoa renini, inayoanzisha kazi ya kutengeneza angiotensini, homoni ya kubana mishipa na kupandisha presha. Retina ina mfumo wake mdogo wa aina hiyo hiyo, na angiotensini huichochea VEGF. Presha yenyewe, hata bila hayo, ni maji mengi katika mfereji wenye kingo mbovu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliodhibitiwa presha kwa ukaribu walipunguza hatari ya retina kuzidi kuharibika kwa asilimia 34. Kwa hiyo kidonge cha presha ni dawa ya jicho pia, na anayekiacha kwa sababu "kichwa hakiumi" anajidhuru asipopaona.

Mjamzito mwenye kisukari awahi kupima macho mimba ikiwa changa, kwa kuwa ujauzito unaweza kuharakisha ugonjwa huu. Wengine wapime kila mwaka, hata kama wanasoma SMS bila miwani.

Shangazi alitiwa matone ya kupanua mboni, akarudi na bajaji amejifunika khanga usoni kwa ukali wa jua. Jicho la kulia lilipigwa leza. La kushoto, ambalo halikuwa limemsumbua hata siku moja, lilikutwa linavuja pia.